Pingili

Jina lake huanza na pumzi: H'Rin.
Kanunua mianzi Buguruni, kwa muuza fito,
kaikata pingili kwa pingili,
katia mchele uliolala majini, kaziba kwa jani la mgomba,
kailaza juu ya jiko langu la mkaa.

Mama mwenye nyumba kachungulia:
"Sasa mnapika fito?"

Kwao milimani, anasema, sufuria haiendi shambani.
Pombe ya mchele hukaa mtungini,
mirija mirefu, mgeni kwanza,
na kila anyonyaye huongezewa maji juu
mtungi usije ukaona aibu.

Mimi, wa Kilolo, nikacheka peke yangu.
Kwetu mwanzi hukatwa kichwa wakati wa mvua
ukalia usiku kucha ndani ya mbeta;
machozi hayo ndiyo ulanzi.
Kiswahili chake kifupi, lugha yake siijui,
nikaonyesha kwa kidole: kata. Tone. Tone.
Akameza mate kabla sijamaliza.

Tukapasua.
Wali umevaa utando mweupe wa mwanzi.
Ufuta haukuwepo dukani, tukachovya karanga na chumvi.

Mama mwenye nyumba akaonja,
akaomba pingili nyingine, "ya mtoto."
Mtoto wake yuko Dodoma, ana ndevu.