Daftari la Maji

Mvua ya kwanza ilipita Jumanne usiku
juu ya mabati ya kiwanda cha matofali
kama mdai aliyekosea mlango.
Ya pili ilibisha. Ya tatu ikaingia, ikakaa,
na kufikia Ijumaa bwawa la Kurinjikulam,
lililokuwa uwanja wa kriketi tangu Machi,
lilikwisha kumeza wiketi na mistari ya chokaa.

Shangazi Ponnuthai ananiamsha kabla ya chai.
Miaka thelathini mumewe alishika funguo za lango la maji,
akigawa zamu: mpunga huu saa mbili, ule saa moja na nusu,
bila kupendelea hata ndugu zake,
ndiyo maana walimnunia mpaka kaburini.
Daftari lake lina safu mbili: Tarehe. Futi.
Ukurasa wa mwisho wa mwandiko wake ni sufuri,
sufuri, sufuri, mayai yasiyo na kiota.
Shangazi kachora safu ya tatu kwa kalamu nyekundu.

Darubini nimeazima; jicho la kushoto lina ufa,
kila mnandi kwangu ni pacha.
Yeye hukaza macho tu, kiganja juu ya nyusi.
"Yangeyange ni wa nyumbani, usiwahesabu mara mbili.
Yule wa mdomo wa mwiko ndiye mgeni.
Na wale vitwitwi, wanaokimbia kama waliosahau chenji dukani,
wamevuka milima ya theluji. Wewe Tiruppur tu
ulirudi unalia miguu."

Mwari wanashuka,
wazito, shingo zimekunjwa kama za makarani wa benki,
maji yanapasuka chini ya matumbo yao.
Tope linanuka upya. Vyura wanabishana.
Mbuzi wa Sudalai amekwama juu ya kichuguu, anatukana.

"Weupe wangapi ng'ambo?"
Nahesabu. Narudia. "Arobaini na mmoja."
"Arobaini. Huyo wa mwisho ni mfuko wa mbolea."
Nafuta kioo kwa pindo la shati:
kweli, umenasa kwenye mgunga, unapepea.

Ananikabidhi daftari. Anashuka ngazi za lango
kidato kwa kidato, mpaka maji yanamshika kifundo,
na bila kugeuka anasoma namba kwenye jiwe
kwa sauti ambayo zamani, alfajiri kama hii,
ilikuwa ikimwitikia mtu mwingine:
"Nne na nusu."

Kalamu ninayo.
Nachelewa kidogo. Safu ya futi
haijawahi kuona mwandiko mwingine.