Mhojiwa wa Kumi na Saba

Mimi ndiye Mhojiwa wa Kumi na Saba.
Mwanamke, miaka sabini na mmoja, mjane wa mchimba makaa,
Bytom, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.
Jina langu Gertruda Piecha, lakini hilo
ulilifuta kwa heshima, Daktari Kulesza,
nami heshima hiyo niliipokea kama mtu apokeavyo risiti.

Ulikuja Novemba, viatu vimelowa theluji,
na dodoso la kurasa kumi na mbili.
Nikakuchemshia madonge ya viazi. Ukala ukiandika.
Ukauliza: ni majirani wangapi ungeweza kuwakopesha?
Nikacheka hadi nikakohoa,
maana Alojzy wa juu, mwenye njiwa,
ana deni langu tangu mgodi ufungwe.
Hilo nalo ukaliandika.

Ukutani mhandisi alikuwa amebandika kioo juu ya ufa.
Ukuta ukisogea kitapasuka, alisema, nasi tutajua.
Kilipasuka Machi.
Sisi tulijua. Yeye hakurudi.
Wahenga wa usipoziba ufa
hawakuishi juu ya shimo la makaa:
huku unaziba Jumatatu,
Alhamisi unapitisha kidole.

Halafu kitabu. Kurasa mia nne na sita.
Mjukuu wangu alikisoma maktaba,
kukinunua ni nusu ya makaa ya msimu.
Nikamwambia, nisomee pale niliposema mimi.
Akatafuta, akatafuta, akanikuta
chini kabisa ya ukurasa, kwenye tanbihi,
herufi ndogo kama haradali:
*Mh. 17: mshikamano hafifu.*

Hafifu!
Mimi niliyemwosha Alojzy mgongo
baridi nzima alipovunjika nyonga.

Mwaka uliofuata, katika ukumbi wa zimamoto,
mtu wa halmashauri alisimama na tai yake ya buluu
akaisoma tanbihi yangu kwa sauti.
Hapa hakuna jamii ya kuvunjwa, alisema,
wataalamu wamethibitisha; tubomoe tu nyumba.
Nawe ulikuwepo, safu ya nyuma,
umekumbatia mkoba kama abiria.

Kwenye ngazi ukaniambia: mkuu wa idara anasema
mwanasayansi akipaza sauti, takwimu zake hunuka siasa.
Sikukubishia. Nimewaona wenye shahada
wakija na vipaza sauti,
wakapigwa picha na nyufa zetu, wakaenda zao.

Ila sentensi ile ilitoka chuoni bila wewe.
Ilishuka ngazi peke yake, ikapanda tramu,
ikajifunga tai.
Neno lako liko barabarani tayari, Daktari;
kilichobaki ni kulifuata
au kuliacha liokotwe na yeyote.

Jumanne ulirudi, mikono mitupu, bila dodoso,
jedwali lako tu, limekunjwa mara nne.
Tukalitandaza mezani kati ya chumvi na dawa zangu.
Alojzy akachora safu nzima upya kwa penseli ya seremala.
Mkabishana hadi saa nne usiku, njiwa wake hawajalishwa.
Ukakataa kulifuta lile *hafifu*: nilichohesabu nimehesabu, ukasema,
na hapo nikaanza kukuamini.
Kisha, ukivaa koti, ukanong'ona:
swali lenyewe nililiuliza vibaya.

Kesho kuna kikao kingine.
Utasimama? Sijui, na uso wako haujui.
Madonge nimekufungia kwenye kopo.
Ukisimama, usiseme Kumi na Saba.
Sema Gertruda Piecha, mlango wa kushoto,
na useme Alojzy bado hajalipa.