Madumu Sitini

Kiinua mgongo kilipoingia benki
mgongo wenyewe ulikuwa umeshapinda,
miaka thelathini na mmoja nikipima vifurushi
stesheni ya Kigoma, nikibandika stakabadhi,
nikiwaambia wenye mizigo: itafika.
Na ilifika. Ilichelewa siku, ilichelewa mbili,
lakini reli ni reli, haina pa kukimbilia.

Ndivyo nilivyodhani kuhusu bei.

Nikaenda Simbo na kitita mfukoni
msimu wa mawese kumwagika,
kila mkamuaji akiniita mzee wangu.
Madumu sitini, ya lita ishirini ishirini.
Nikayapanga chumba cha watoto waliokwisha kuoa,
manjano juu ya manjano hadi kwenye dirisha,
nikatia kufuli, ufunguo nikampa Mwavita,
nikakaa barazani kama mtu mwenye mali.

Hesabu niliiandika nyuma ya kalenda:
nimenunua arobaini elfu. Sitini itafika.
Niliandika "itafika" kwa mkono uleule wa stesheni.

Mwezi wa kwanza ikapanda elfu mbili.
Nikanunua kanzu.
Mwezi wa pili ikashuka elfu tano,
kwa kuwa, alisema Gwasa wa duka la jumla,
kuna meli imetia nanga Dar es Salaam
ina mafuta ya watu nisiowajua,
na ushuru umepunguzwa na watu nisiowajua.
Nikaitazama ile kanzu.

Kule Kibirizi wanunuzi wa Kongo wakaadimika.
Faranga imelegea, walisema wachache waliovuka,
unakuja nayo gunia, unarudi na kilo.
Redio ikasema dola haipatikani.
Redio ikasema dola imetulia.
Feruzi mwanangu akapiga simu kutoka Dodoma:
"Baba, uza."
Juma lililofuata: "Hujauza, baba? Afadhali."
Sijui naye alikuwa anaambiwa na nani.

Subira huvuta heri, wakanipoza msikitini.
Huvuta na panya, nikawajibu,
maana usiku nilisikia meno yao kwenye plastiki,
kra, kra, kama mkaguzi anayefungua vitabu vyangu.

Mawese yana tabia yake.
Alfajiri ya baridi huganda, dumu likawa kimya kama jiwe;
saa saba mchana yameyeyuka, ukilitikisa yanacheza.
Ni yaleyale. Hayajaongezeka, hayajapungua.
Nikawa naingia mara mbili kwa siku kuyagusa
hadi Mwavita akauliza
kama nimeoa mke wa pili mle chumbani.

Ni yeye aliyeuza.
Nilitoka mazikoni Mwandiga nikakuta ukuta mmoja wazi,
madumu ishirini hayapo,
sakafuni alama zake tu, safi katikati ya vumbi.
"Kwa bei gani?"
"Ya leo."
"Ya leo mbaya."
"Na paa linavuja leo."

Thelathini na nane elfu. Nikaandika kwenye kalenda: hasara.
Alipopita na ndoo akanipokonya kalamu,
akaandika chini yake: bati kumi na nne, misumari, fundi.
Sikujua kwamba hesabu inaweza kuandikwa hivyo.

Katika arobaini yaliyobaki
moja panya walikuwa wamelitoboa.
Tulikinga kwa sufuria, kwa kikombe, kwa kiganja,
na jioni akapika migebuka ikaelea kwenye wekundu
tukala hadi vidole vikabadilika rangi.
Nimeitafutia safu kwenye kalenda ile faida,
haina.

Thelathini na tisa bado yamo.
Siku nyingine nasema nitauza kesho,
siku nyingine nasema acha, dunia haijamaliza kugeuka.
Mimi niliyekuwa nikisema itafika
sasa watoto wa jirani wakiniuliza saa
nawaambia ngojeni nitazame.

Jana Gwasa alikuja mbio na habari mpya ya meli.
Mvua ilikuwa inapiga bati, bati jipya, kwa nguvu zote,
nikaona mdomo wake tu ukifunguka na kufumba.
Nadhani alisema imetia nanga.
Au imezama.