Ukuta Wangu wa Miaka Mia

Mji wetu Lubumbashi unatimiza miaka mia.
Mimi nimepewa ukuta.

Mita kumi na nane, Kamalondo,
nyuma ya jukwaa watakapoketi wageni.
Ndoo tatu za chokaa, brashi mbili, moja imenyonyoka,
na ujira wa siku nne, utakaolipwa, wamesema,
sherehe ikisha.

Mwezi wa saba. Baridi inauma masikio,
vumbi jekundu limelala hata juu ya vitumbula vya Mama Chola,
naye anapuliza kimoja kimoja kabla ya kukuuzia.
Kule mbali bomba kubwa la shaba limesimama
bila moshi, kama mzee aliyesahau alichotaka kusema.

“Kwangua kwanza,” ameniambia msimamizi Kilufya.
“Usipake uchafu juu ya uchafu.”

Nikakwangua.

Buluu ilitoka upesi, rangi ya juzi,
pamoja na nusu ya jina la mgombea
aliyetuahidi maji.
Chini yake kijani. Kijani kingi, cha amri,
nikakumbuka mistari ya shule, nyimbo za alfajiri,
na kofi kwa aliyechelewa kuimba.
Chini ya kijani, matundu mawili.
Nilitia kidole, kikaingia mpaka kifundo cha kwanza.
Nikakitoa.
Kisha nyeupe ya kale, ngumu kama mfupa,
na herufi tano za mwisho za jina la kwanza la mji,
jina la malkia wa watu,
ambaye hakuwahi kumega bukari kwetu.

Bibi yangu Nyembo, tangazo la sherehe liliposomwa redioni,
alicheka hadi akashika mbavu:
“Mia tangu lini? Tangu walipouandika?
Basi mimi bado sijazaliwa, sina karatasi!
Na waliochemsha mukuba hapa kwa mivukuto,
wakamimina misalaba ya kuolea wake,
hao walikuwa wanakaa wapi, hewani?”
Akaomba chai, akaongeza sukari mwenyewe.

Chini ya nyeupe, tofali.
Udongo wa kichuguu, mwekundu, mzito,
jumba la mchwa lililovunjwa likawa jumba la watu.
Na katikati ya tofali moja, usawa wa kifua changu,
alama ya kidole gumba.

Nilidhani ni cha babu.
Mwansa Kabinga, aliyekuja kwa miguu kutoka Luapula
na samaki wakavu begani,
akapewa namba, blanketi, na kikohozi.
Hakusimulia kazi yake. Alikohoa, tukaelewa.
Nikapangusa vumbi, nikaweka gumba langu:
hakikuingia.

Kilikuwa kidogo mno.
Cha mtoto. Miaka tisa, kumi hivi.
Alibeba tofali likiwa bichi, likamponyoka kidogo,
akalishika lisianguke.
Pengine alichapwa. Pengine aliitwa kula.
Keshokutwa majina yatasomwa jukwaani,
ya waanzilishi, kwa kipaza sauti,
na mimi sina jina la kupeleka,
nina shimo dogo tu, lenye mistari
kama shamba lililolimwa na siafu.

Nilimwita Kilufya. Akaja, akainama, akatazama
muda mrefu kuliko nilivyomtegemea.
Akajaribu cha kwake. Hakikuingia pia.
“Paka,” akasema, akijifuta mkono kwenye suruali.
“Paka, ndugu yangu, wageni wanafika saa tatu.”

Nimepaka.
Mita zote kumi na nane, nyeupe, hata mimi naona fahari,
na watoto wa mtaani wameshaambiwa wasiegemee.
Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mahali.
Ila pale, usawa wa kifua,
nimepaka mkono mmoja, tena kwa brashi iliyonyonyoka.

Mvua za Novemba zitamaliza kazi.
Ujira wangu mpaka hapo
nadhani utakuwa umetoka.