Hogo la Wiki Sita

Ni mfuniko wa chemba, pale Kijitonyama,
jana ulikuwepo, leo haupo.
Nikashuka mzima mzima, spana mkononi,
nikatolewa mguu mmoja ukielekea Mwenge,
mwingine Posta.
Muhimbili wakanifunga hogo hadi gotini.
"Wiki sita," daktari akasema, "usiukanyagie."

Mimi nimezoea kulala chini ya masinki ya watu.
Kochi langu mwenyewe nilikuwa silijui.
Sikujua kuwa kuanzia saa moja hadi nirudi
nyumba hii huwa ya Wakorea.

Tumpe, mke wa mwanangu, aliikamata rimoti
kama mtu aliyefumaniwa.
"Nibadilishe, baba?"
Nikasema acha tu, nasinzia.
Miaka mitatu tunaishi wote hapa Mbagala,
mumewe na lori lake, mara Tunduma, mara Ndola,
na maneno yetu ni shikamoo, marahaba, chakula tayari.

Nilisinzia jicho moja.
Mtafsiri ni mmoja tu, Dijei Kokoto, sauti ya mkwaruzo:
yeye ndiye bibi, yeye ndiye bwana harusi,
yeye ndiye kichanga kinacholia,
na katikati ya msiba anachomekea,
"Hapa, mtazamaji, kazi ipo."
Nikacheka. Nikajikohoza haraka.

Siku ya tatu nilikuwa nauliza maswali.
Huyu mwenye koti refu ni nani wake?
Mbona hata mikono hawajashikana, na hii ni sehemu ya saba?
Na mvua yao, nikamwambia Tumpe, ina adabu,
inangoja wawili waachane ndipo inyeshe;
yetu inakwenda moja kwa moja Jangwani.
Na lile bomba la jikoni, umeliona?
Mtu analia, maji yanamwagika,
na hakuna wa kumsonya.

Siku ya tisa LUKU ikalia, kisha giza,
mama mkwe ndiyo kwanza ameinua mkono.
Mimi, ninayehesabu njiti za kiberiti,
nilitoka na magongo mawili saa tano usiku
hadi kwa wakala. Elfu kumi, haraka.
Mama Shemkai akachungulia dirishani: "Kuna mgonjwa?"
"Yupo," nikasema. "Hali yake si nzuri."

Kulikuwa na mzee mmoja humo, muuza supu,
samahani hajui kuitamka, kaumbwa hivyo.
Bintiye karudi baada ya miaka, wamekaa kula,
naye akachambua samaki, akatoa miiba yote,
akaweka mnofu juu ya wali wa binti.
Basi.
Hata Dijei Kokoto alinyamaza.
Mimi nilisingizia vumbi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Kesho yake tulikula changu.
Nikachambua, na vidole vyangu hivi vya spana,
nikamwekea Tumpe mnofu kwenye sahani.
Aliutazama muda mrefu.
"Baba," akasema, "umekuwa Mkorea?"
Akageukia ukutani, akaula.

Hogo lilikatwa Jumatatu, tukiwa sehemu ya kumi na tano.
Nilichechemea siku mbili za ziada, Mungu anisamehe.

Leo niko Masaki, chini ya sinki la watu,
nati imeshika kutu. Dada wa kazi anapiga pasi,
runinga ndogo iko juu ya friji,
na nikausikia ule mkwaruzo: "Hapa, mtazamaji..."
Yuko sehemu ya tisa. Anamlaani muuza supu:
"Mzee gani huyu! Hana moyo!"

Mimi najua habari za samaki.
Nikafunga mdomo, nikaikaza nati taratibu,
robo kwa robo,
kazi ya dakika tano
nikaivuta hadi sehemu ikaisha.