Povu Likitulia

Muuzaji alikuja na mchoro wa rangi tatu:
diski mpya, mfumo mpya wa faili,
mstari wa kijani unapanda bila kukohoa.
"Gigabaiti tatu kwa sekunde," akasema,
na meneja akaitikia kwa kichwa.
Nikamuuliza: ulipima nini?
Faili moja, akajibu. Kubwa, imenyooka.
Diski tupu, na hakuna mwingine mlangoni.

Seva yangu iko Bahati, nyuma ya stoo ya chakula cha ng'ombe,
na haijawahi kuonana na faili iliyonyooka.
Saa kumi na mbili asubuhi vituo arobaini na kimoja vinaamka pamoja,
Kabazi, Subukia, Dundori, Wanyororo,
mitungi inagonga mizani, kila mtungi na risiti yake,
kilobaiti mbili: fungua, andika, hakikisha, funga,
fungua, andika, hakikisha, funga,
huku Ndirangu wa uhasibu anaita ripoti ya mwezi mzima
kwa sababu chai yake imechelewa,
na nakala ya akiba, iliyopaswa kwisha saa tisa usiku,
bado inajikokota.

Mara ya kwanza nilipima nikajidanganya.
Namba zilikuja tamu. Nikarudia, zikazidi utamu.
Nikazipeleka kwa Chelagat, dirisha la kupokelea maziwa;
hajui diski, nilitaka tu mtu wa kufurahi naye.
Alikuwa anamimina. Hakuinua macho.
"Hayo yote ni maziwa," akauliza, "au kuna povu?"

Povu.
Kumbukumbu ya mashine ilikuwa inajibu kwa niaba ya diski,
kama mtoto anayetumwa mlangoni kusema baba hayupo.
Diski yenyewe sikuwa nimeigusa.

Nikaanza upya.
Nikainasa Jumanne moja nzima, na kero zake zote,
nikaichezesha tena juu ya kila mfumo,
diski imejazwa kwanza hadi shingoni,
maana ghala tupu halimkwazi mtu.
Wastani nikautupa. Wastani hausimami foleni.
Anayesimama ni Nyakio wa Dundori na lita zake saba,
risiti yake ndiyo ile moja katika mia
iliyokwama sekunde kumi na moja,
nyuma yake bodaboda inanguruma.
Nikaandika: kumi na moja.
Nikamchagua yeye awe kipimo.

Kisha nikang'oa waya wa stima katikati ya kazi.
Ule wa mstari wa kijani ulikuwa umeapa "nimeandika"
risiti mia mbili na sita.
Stima iliporudi, nilizitafuta.
Hakuna aliyeziiba. Hazikuwahi kuwepo.

Jedwali langu halina rangi,
namba zake zinaona haya kando ya zile za muuzaji.
Meneja ameuliza mara mbili kama nukta imekaa mahali pake.
Tumechukua ule wa tatu, mzito kidogo, mchache wa ahadi.
Na bado sijui kama Jumanne ile
inafanana na Mei, nyasi zikiota na viwele vikijaa.
Nitapima tena.

Sasa ni kumi na mbili na dakika ishirini.
Taa ya diski inapepesa.
Chelagat ameweka mtungi chini, mikono kiunoni,
anangoja povu lishuke
hadi kwenye mstari.