Chumba cha Mtu Mzima

Chumba namba nne walichukua macho yake.
Namba saba, miguu. Ghorofani, moyo,
ukachorwa milima na mabonde kwenye karatasi
iliyotoka mashineni ikiwa bado na joto.
"Sukari kumi na nane," akasema kijana wa maabara,
na hakukosea. Hakuna aliyekosea.

Mimi nilikuwa mbeba faili.
Berita Kageha, miaka sabini na mmoja, Vihiga:
nimemkunja kwapani, dirisha hadi dirisha,
hospitali kubwa ya Kisumu,
na kila mlango mama akianza, "Tangu chemchemi ikauke..."
daktari husema, tena kwa upole,
"Hilo si la hapa, mama. Hapa ni figo."

Tangu chemchemi ikauke, anapanda kilima mara mbili.
Tangu apande mara mbili, nyayo zimepasuka.
Mikaratusi iliyoinywa chemchemi aliipanda baba
ili Adagala asome Nakuru,
naye Adagala hajapiga simu tangu mazishi,
basi mama halali, na asiyelala
hunywa chai tamu mpaka jogoo awike.
Niambieni hiyo ni namba ngapi.

Usiku, jikoni kwa shangazi huko Manyatta,
alichambua mrenda, akaniuliza:
"Ladha iko wapi? Kwenye jani? Tafuna bichi uone.
Kwenye munyu? Haya, lamba."
Nilicheka. Kisha nikaogopa,
maana ukiifuata ladha hiyo huishii sufuriani:
kuna mvua, kuna udongo, kuna mkono.
Na kama mama ni chemchemi, na kilima, na simu isiyolia,
faili lake litafungwa ukurasa gani?
Daktari ana foleni mpaka barazani.
Lazima akate mahali.

Nao walikata vizuri. Mtoto wa jicho walimtoa
bila hata tone la damu.
Mtoto wa tumbo
hawana chombo cha kumwonea.

Siku ya kuondoka, mlinzi wa lango,
bila kuinua uso kwenye daftari lake:
"U mzima, mama?"

Neno moja. Lugha haikulipasua:
aliye hai, asiye na ufa, aliyekula chumvi nyingi.
Mimi hulijibu kabla halijafika.
Mama alisimama nalo.
Lori la mchanga likapita, na la pili.
Akaniomba simu.
"Ngoja kwanza," akamwambia mlinzi,
"nimuulize Adagala."